Mlango wa Moscow ukifungwa, karatasi za Agosti 1991 zitapatikana wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea uzamili wa historia hapa Dodoma na ninataka kuandika tasnifu juu ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1991 mjini Moscow. Kirusi sijui, ndiyo kwanza naanza kujifunza herufi. Nauli ya Moscow sina. Msimamizi wangu ameniambia kwamba bila nyaraka za Warusi wenyewe nitakuwa nimeandika makala ya gazeti, si tasnifu. Nianzie wapi? Na magazeti ya Kisovieti yanaaminika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hofu ya nauli iweke kando kwanza. Hata ungefika Moscow kesho, majalada unayoyawaza usingeyapata. Karatasi za KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, za mwezi ule zimo mikononi mwa FSB, idara iliyoirithi, nayo si watu wa kukufungulia kabati. Sheria ya nyaraka ya Urusi ya mwaka 2004 inafunga kwa miaka 75 karatasi zinazogusa maisha binafsi ya mtu, na zile zenye muhuri wa siri husubiri tume ya kuzifungua hata miaka 30 ikishapita. Tangu 2016 idara kuu ya nyaraka, Rosarkhiv, iko moja kwa moja chini ya rais. Wanahistoria wa Kirusi wenyewe wanagonga mlango huohuo na kurudi mikono mitupu.

Ila tukio ulilolichagua lina jambo moja la kukusaidia sana: lilitokea dola ikiwa inavunjika, na dola ikivunjika karatasi zake hutapakaa. Nyingine zilibaki Kyiv na Vilnius, nyingine zikavuka kwenda California na Budapest. Kazi yako ni kuzifuata ziliko, na kila unapoishika moja ujiulize: hii ilitokaje? Nani aliifungulia mlango, na alitaka nini? Ukilishika swali hilo, la nyaraka na la magazeti unalijibu kwa mkupuo mmoja.

Nami ningekuambia uanze na magazeti, kabla ya jalada lolote. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 19 Agosti watu wanane waliojiita Kamati ya Dola ya Hali ya Hatari (Warusi huifupisha GKChP) walitangaza kwamba rais wa Muungano wa Kisovieti, Mikhail Gorbachev, ni mgonjwa na kwamba makamu wake, Gennady Yanayev, ndiye anayeshika madaraka. Gorbachev alikuwa Foros, Crimea, simu zake zimekatwa. Siku hiyohiyo Kamati ikaamuru kwamba magazeti ya Moscow yatakayoruhusiwa kutoka ni tisa tu, yakiwemo Pravda, Izvestia, Trud, Krasnaya Zvezda na Sovetskaya Rossiya. Sasa, ukifungua Pravda ya tarehe 20 ukitafuta kilichotokea barabarani, utapotea. Ukiifungua ukitafuta kile ambacho Kamati ilitaka raia wa Kisovieti akiamini asubuhi ile, hutapata chanzo kinachoishinda. Gazeti lilelile, maswali mawili tofauti.

Na usidhani kwamba gazeti lililoruhusiwa ni gazeti lililotii. Ndani ya Izvestia kulikuwa na vita. Wachapaji waligoma kuchapa tamko la Kamati peke yake. Walitaka na wito wa Boris Yeltsin, rais wa jamhuri ya Urusi aliyeipinga Kamati, uwemo. Toleo likachelewa mno, na lilipotoka lilikuwa limebeba maneno ya pande zote mbili. Mimi nikifundisha namna ya kusoma gazeti la Kisovieti huwa naanza na toleo hilo, kwa sababu linamwonyesha mwanafunzi kwamba nyuma ya karatasi moja kuna mhariri anayemwogopa mkubwa wake, kuna waandishi wenye hasira, na kuna fundi wa mtambo anayejua kwamba asipobonyeza swichi hakuna gazeti. Televisheni nayo ilikuwa hivyo. Usiku wa tarehe 19 taarifa ya habari ya Vremya, sauti rasmi ya dola, ilirusha ripoti fupi ya Sergey Medvedev iliyomwonyesha Yeltsin amepanda juu ya kifaru akisoma wito wake. Mamilioni waliokuwa mbali na Moscow walijua kwa mara ya kwanza kwamba kuna watu wanaopinga. Wahariri wa magazeti 11 yaliyofungwa nao wakakusanyika na kutoa kwa pamoja Obshchaya Gazeta, yaani gazeti la wote. Litafute.

Mkutano wa Kamati na waandishi wa habari wa jioni ya tarehe 19 utazame wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu huonyeshana ile mikono ya Yanayev iliyokuwa ikitetemeka, wakaishia hapo. Sikiliza maswali. Tatyana Malkina, mwandishi kijana wa Nezavisimaya Gazeta, alimuuliza uso kwa uso kama wanaelewa kwamba usiku uliopita wamefanya mapinduzi. Gazeti lake halikuwemo katika yale tisa. Swali hilo ni ushahidi kama ulivyo ushahidi wa jalada: linakuonyesha kwamba saa chache baada ya tangazo, ndani ya ukumbi wa serikali, woga ulikuwa umeshapungua kiasi hicho.

Umeuliza kama magazeti yale yanaaminika. Ajali ya Chernobyl ilitokea usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Shirika la habari la TASS lilitoa sentensi chache jioni ya tarehe 28, baada ya mitambo ya Sweden kunusa mionzi. Ukimya wa siku zile mbili ni habari, na huwezi kuusoma mpaka uwe na kalenda mbele yako na ujue ni nini ambacho gazeti halikusema. Katyn ni zaidi. Kwa karibu miaka 50 vyombo vya Kisovieti viliandika kwamba maofisa wa Poland waliuawa na Wajerumani. Tarehe 13 Aprili 1990 TASS ikakiri kwamba ni polisi wa siri wa Stalin. Oktoba 1992 Yeltsin akaipelekea Poland uamuzi wenyewe wa Politburo, kikao cha juu cha chama, wa tarehe 5 Machi 1940, pamoja na karatasi ya mwaka 1959 ya mkuu wa KGB, Alexander Shelepin, iliyotaja watu 21,857 waliouawa. Angalia mpangilio huo: kwanza uongo, halafu taarifa fupi ya kukiri, halafu hati. Kama tungetupa magazeti ya uongo tungebaki na hati ya mauaji, lakini historia ya jinsi yalivyofichwa ingetupotea.

Sasa lugha. Kuna hazina kubwa ya vyombo vya Kisovieti vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza, siku ileile ya tukio, na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Idara ya Marekani iliyoitwa FBIS ilisikiliza redio na televisheni za nchi nyingine na kuchapa kila siku tafsiri ya yaliyosemwa. Toleo lake la Muungano wa Kisovieti la Agosti 1991 linakupa matangazo ya Moscow, na mara nyingi saa ya kurushwa inatajwa. BBC Monitoring walifanya kazi kama hiyo upande wa Uingereza. Kwa magazeti kuna Current Digest, iliyoanza 1949, inayotafsiri au kufupisha makala za Pravda, Izvestia na mengineyo. Nyingi kati ya hizi zinauzwa kwa usajili, na maktaba zetu haziwezi kulipa zote. Fanya hivi: msimamizi wako amwandikie mkutubi wa chuo rafiki cha nje, ataje tarehe na gazeti kwa usahihi, aombe kurasa chache. Mkutubi anayepewa ombi lililonyooka husaidia. Anayeambiwa “naomba chochote kuhusu Urusi” hana pa kuanzia. Baadhi ya matoleo ya FBIS yameshapigwa picha na yapo bure katika Internet Archive.

Kumbuka pia kwamba tafsiri hizo zilichaguliwa na watu wenye kazi yao: mtumishi wa serikali ya Marekani alichagua kile ambacho Washington ingependa kusoma. Ile tabia ya kuuliza mlango usiiache hata hapa.

Redio za nje zenyewe ni sehemu ya kisa. Gorbachev aliporudi Moscow alisimulia kwamba huko Foros walitengeneza antena na kusikiliza BBC, Radio Liberty na Sauti ya Amerika. Rais wa nchi yenye mabomu ya nyuklia alikuwa akisikia habari za kupinduliwa kwake kutoka London! Makusanyo makubwa ya Radio Free Europe na Radio Liberty yapo katika taasisi ya Hoover, California, na karatasi za taasisi yake ya utafiti zipo Open Society Archives, Budapest, na sehemu ya orodha na majalada yao inasomeka kwenye intaneti.

Tukija kwenye nyaraka, mapinduzi yale yakishindwa ndiyo yaliyofungua makabati. Tarehe 24 Agosti 1991, siku tatu tu baada ya Kamati kuanguka, Yeltsin alitia saini amri mbili, moja juu ya nyaraka za chama cha Kikomunisti na nyingine juu ya zile za KGB, kwamba zihamishiwe kwenye hifadhi za serikali. Za chama zilihamishwa kweli. Za KGB kwa sehemu kubwa zikabaki zilipokuwa, na tofauti ya amri hizo mbili inaeleza mengi juu ya Urusi iliyofuata.

Mwaka 1992 Mahakama ya Katiba ilisikiliza kesi ya chama, na upande wa Yeltsin ukakusanya maelfu ya kurasa za siri kuonyesha kwamba chama kilikuwa dola ndani ya dola. Mkusanyo huo leo ni Fond 89 katika hifadhi ya RGANI, na nakala zake za filamu zipo Hoover na maktaba nyingine. Vladimir Bukovsky, mpinzani aliyefungwa miaka mingi, aliitwa kama mtaalamu wa kesi hiyo. Akaingia na skana ndogo ya mkononi, kitu ambacho walinzi hawakukielewa, akanakili maelfu ya kurasa. Nazo ziko wazi kwenye intaneti. Lakini angalia: Fond 89 ni mkusanyo wa mwendesha mashtaka. Karatasi iliyokitetea chama haikuwa na sababu ya kuwekwa humo. Itumie, na useme hivyo katika tasnifu yako.

Kwa tukio lako kuna kitu bora zaidi kuliko Fond 89, nacho ni shajara ya Anatoly Chernyaev. Alikuwa msaidizi wa Gorbachev katika mambo ya nje, na siku zile alikuwa Foros pamoja naye, amefungiwa vilevile. Aliitoa shajara yake kwa National Security Archive, taasisi ya watafiti iliyoko Chuo Kikuu cha George Washington (jina lisikutishe, si ofisi ya serikali), nao wameitafsiri kwa Kiingereza na kuiweka bure. Soma mwaka 1991 wote, usirukie Agosti. Utaona uchovu ulivyokuwa ukiingia Kremlin mwezi hadi mwezi. Kisha weka kando yake maandishi ya mazungumzo ya simu ya Rais George H. W. Bush, yaliyo wazi katika maktaba yake ya Texas: tarehe 20 Agosti anazungumza na Yeltsin aliyezungukwa, tarehe 21 anampata Gorbachev. Huko Wamarekani ndio walioandika, kwa hiyo wewe una pande mbili za siku moja, zote kwa lugha unayoisoma.

Halafu toka Moscow kabisa. Muungano wa Kisovieti ulikuwa jamhuri 15, na KGB ilikuwa na ofisi katika kila moja. Asubuhi ya tarehe 19 Jenerali Valentin Varennikov, aliyekuwa upande wa Kamati, alikuwa Kyiv akimbana Leonid Kravchuk, mwenyekiti wa bunge la Ukraine. Tarehe 24 Ukraine ikatangaza uhuru. Nyaraka za KGB ya Ukraine zilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 2015, na nyingi zina maagizo yaliyotoka Moscow, yaani nakala za karatasi ambazo Moscow yenyewe hazisomeki. Vita vimeifanya safari ya Kyiv kuwa ngumu, ila sehemu ya majalada imewekwa kwenye intaneti. Vilnius nako kuna Hifadhi Maalumu ya Lithuania, ingawa KGB ilibeba na kuharibu mengi kabla ya kuondoka. Mtafiti wa historia ya Urusi asiyetazama miji hii siku hizi anajinyima makusudi.

Neno juu ya tanbihi, kwa maana hapa wanafunzi wengi wamekwama. Rejea ya Kirusi huandikwa f., op., d., l. Fond ni karatasi zote za ofisi moja au mtu mmoja. Opis ni orodha ya majalada yake. Delo ni jalada lenyewe. List ni karatasi ndani ya jalada. Ukiipata tanbihi kamili katika kitabu cha mwingine, umeipata anwani. Tatizo ni kwamba nyumba zimebadilishwa majina. Kitabu cha mwaka 1995 kikitaja RTsKhIDNI, leo ni RGASPI, yenye karatasi za chama za enzi za Lenin na Stalin. TsKhSD leo ni RGANI, yenye za baada ya hapo. TsGAOR ni GARF, hifadhi kuu ya serikali. Miji nayo hivyohivyo: Sverdlovsk ni Yekaterinburg, Gorky ni Nizhny Novgorod, Leningrad unaijua. Na ukirudi nyuma ya Februari 1918, hadi mwaka 1900, kalenda yao ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yanaadhimishwa Novemba.

Ukitafuta kwenye intaneti, tafuta kwa herufi za Kirusi. Jina la Yeltsin kwa herufi zetu lina tahajia chungu nzima, kwa zao lina moja. Nakili jina kutoka ukurasa wa Kirusi wa kamusi elezo yoyote, libandike. Gorbachev jaribu mara mbili, kwa sababu herufi ya mwisho kabla ya “v” huandikwa na nukta mbili juu au bila nukta, na mashine nyingine huzihesabu kuwa herufi tofauti. Herufi zote ni 33. Ukijitahidi, wiki mbili zinatosha kuzisoma. Programu za kutafsiri zitakupa maana ya jumla, lakini sentensi utakayoinukuu katika tasnifu isomwe kwanza na mtu anayejua Kirusi. Watu hao tunao, nitawarudia.

Kama utavuka 1991 na kuingia miaka ya Yeltsin na Putin, hali ya magazeti inageuka. Kommersant na Nezavisimaya Gazeta zinakuwa muhimu, Novaya Gazeta inaanza 1993, na televisheni ya NTV ni ya kutazamwa hadi Aprili 2001, Gazprom, kampuni ya gesi ya dola, ilipoichukua. Hatari ya huku ni kutoweka. Machi 2022 redio ya Ekho Moskvy ilifungwa na tovuti yake ikaondolewa. Ile redio iliyokuwa ikizimwa na kurudi hewani katika siku zile tatu za Agosti 1991. Shirika la Memorial, lililokusanya majina ya wahanga wa Stalin yapatayo milioni 3, liliamriwa na Mahakama ya Juu livunjwe Desemba 2021, na mwaka uliofuata likawa miongoni mwa waliopewa Nobel ya Amani. Kwa tovuti zilizozimwa tumia Wayback Machine, na kuna hifadhi ya vyombo huru vya Urusi inayoitwa RIMA. Wewe mwenyewe kila ukurasa unaoutumia uhifadhi nakala siku ileile unapousoma, pamoja na tarehe. Na ukiwa na rafiki ndani ya Urusi, usimtumie viungo vya Meduza, gazeti huru la mtandaoni la Kirusi, wala kumwomba akutafutie karatasi. Tangu Januari 2023 Meduza imetangazwa kuwa taasisi isiyotakiwa, na kuisambaza kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Tasnifu yako haina thamani ya uhuru wa mtu.

Nimebakiza chanzo ambacho Hoover hawana. Agosti 1991 kulikuwa na vijana wetu katika vyuo vya Kisovieti, Watanzania, Wakenya, Waganda na wengine, kule Moscow katika Chuo cha Lumumba, na Kyiv, Minsk, Leningrad. Leo ni madaktari, wahandisi na walimu, wengine wamestaafu. Waliona vifaru? Waliambiwa nini bwenini? Posho zao ziliendelea kulipwa? Walisikiliza redio ipi, na habari ziliwafikia kwa lugha gani? Waombe barua walizoandika nyumbani wiki ile, kwa maana barua yenye muhuri wa posta haibadiliki kama kumbukumbu ya mtu inavyobadilika baada ya miaka 30 na zaidi. Warekodi kwa idhini yao. Na haohao ndio watakaokusomea Kirusi chako.

Pamoja nao, nenda mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe Uhuru, Mzalendo na Daily News za wiki mbili zile. Tazama mwanzo wa kila habari: imetoka shirika gani, Shihata, Reuters au TASS? Sisi wenyewe mwaka ule Tume ya Nyalali ilikuwa ikizunguka kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja, na kuanguka kwa chama cha Lenin kulisomwa hapa na watu waliokuwa na swali lao mkononi. Hapo ndipo tasnifu ya Dodoma inaweza kusema jambo ambalo ya Moscow haiwezi.

Wiki hii chukua daftari, chora siku tatu, tarehe 19 hadi 21, saa kwa saa. Safu moja ya magazeti tisa, moja ya redio kutoka FBIS, moja ya Chernyaev, moja ya simu za Bush. Fika hadi usiku wa kuamkia tarehe 21, walipouawa Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky katika handaki la barabara. Pale safu zinapopingana weka alama nyekundu. Ukimaliza tarehe 19 peke yake, nitumie nikusomee.